Blagota na Bastola za Nyumba Zilizozimika

Mimi nilisoma madarasa manne, la tano lilinikuta na mbuzi mlimani. Zorka, binti wa shemeji yangu Blagota, analijua hilo, na bado ameniletea daftari jipya la mistari, akaliweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta mkate, akasema niandike habari za baba yake maana mimi ndiye ninayezijua. Nikamwambia baba yake kama anataka kuandikwa ana mikono yake. Akasema mikono ya baba inatetemeka. Na yangu je? Vidole vyangu vimepinda kama mizizi ya mzabibu, lakini hilo halikumhusu. Tena akaniomba nisimtukane mtu. Nitaandika ninavyojua. Atakayeona makosa akae nayo.

Basi, Blagota Vukić alizaliwa hapahapa Kremeni Do, juu ya mawe, katika nyumba ile ile anayoishi mpaka leo. Mimi niliolewa na binamu yake, kwa hiyo yeye ni shemeji yangu. Nilipokuja hapa moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyumba arobaini. Sasa unatoka kwenye kumi na moja. Miaka thelathini na mmoja alishuka mjini kwa basi kila asubuhi kufanya kazi katika kiwanda cha majokofu, kwenye mashine ya kukereza chuma, mpaka kiwanda kikafungwa na kila mfanyakazi akarudishwa nyumbani na jokofu lake. La Blagota bado linafanya kazi. Jaglika mkewe huweka jibini ndani yake, naye Blagota huweka mkebe wa baruti juu yake, na kwa sababu ya mkebe huo wamegombana tangu Zorka hajaota meno.

Bastola ya kwanza ilikuwa ya babu yake. Enzi za mfalme kila mwanamume wa nchi hii alipaswa kuwa nayo mshipini, ile bastola kubwa yenye kipipa kinachozunguka, ya risasi tano, nzito kama mtoto mchanga, kitako chake cha mfupa. Mwanamume aliyenyang'anywa yake, watu walimwambia akajifunge aproni ya mkewe, na wengine waliletewa hiyo aproni mpaka mlangoni. Baada ya vita askari walipopita kukusanya silaha, babu yake Blagota aliisokomeza yake katika ukuta wa tangi la maji ya mvua, akapiga chokaa juu yake, akafa bila kumwambia mtu. Blagota aliikuta akiwa na miaka ishirini na miwili, alipoingia tangini kuziba ufa. Ilikuwa imeviringishwa katika ngozi ya kondoo iliyojaa mafuta, na kile kipipa kilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Alikaa humo tangini akikizungusha mpaka mama yake akadhani ameanguka amekufa.

Hakuna duka linalouza risasi za bastola kama hizo, wala siku hizo halikuwapo. Kwa hiyo alikereza maganda ya shaba kiwandani wakati wenzake wakila, msimamizi akipita na kusifu kijana asiyepumzika. Risasi yenyewe aliiyeyusha kutoka kwenye mabomba ya maji ya zamani, akaipaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta. Ilimchukua miaka miwili kupata moja inayoingia vizuri. Siku ya kwanza alipofyatua, moshi mweupe ulimfunika kichwa, uani kote kukanuka yai viza, na mlango wa jiko la chuma alioutundika ng'ambo ya korongo ukalia kama kengele ya kanisa. Mama yake alitoka na unga mikononi. Hakumgombeza. Alisema tu, "Huyo ni baba mkwe. Ndivyo alivyokuwa akikohoa."

Hilo ndilo lililomwingia Blagota, na halikutoka tena. Huku kwetu kila nyumba ina mtakatifu wake na siku yake; kuanzia mwaka huo, kila siku ya mtakatifu wa nyumba yao, saa sita mchana, alivaa shati jeupe, akasimama barazani, akafyatua mara moja. Moja tu. Waliotaka kelele walikwenda harusini.

Zile nyingine hakuzitafuta wala hakununua hata moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakimwita mkusanyaji. Zilimjia zenyewe. Nyumba ikikosa mwanamume wa kuirithi, huku kwetu tunasema imezimika. Bibi Gospava wa nyumba ya Lipovac alizika mwanawe wa mwisho, na kabla arobaini haijafika alikuja kwa Blagota na bastola ya mume wake ndani ya aproni, chini ya mayai, ili watu wa basi wasiione. Akamwambia hawezi kukaa na chuma hicho peke yake, kinamtazama. Hakutaka kitu. Alichotaka ni kwamba siku ya Mtakatifu Nikola aifyatue mara moja, mlima usikie kwamba akina Lipovac walikuwapo. Blagota akampa mkono na neno. Gospava akarudi na mayai yake.

Baada ya hapo zikawa zinakuja, moja baada ya miaka saba, nyingine baada ya mitatu, mpaka zikatimia sita pamoja na ya babu yake. Kila moja alikereza risasi zake peke yake, maana hakuna mbili zilizofanana matundu. Kila moja aliijua tabia. Ya Lipovac ilitema cheche upande wa kushoto na kumchoma mkono wa shati. Ya babu yake ilipiga unapolenga, na kwa sababu hiyo aliichoka kidogo, kama mtoto mtiifu. Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya nyumba ya Kosijer, yenye kitako cha mfupa uliogeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Hiyo ilikwama. Ilikuwa lazima uipashe joto kwapani, uipake mafuta, uiseme kidogo, halafu ulenge kichaka cha mreteni kilicho chini kulia ili upate mlango wa jiko juu kushoto. Jaglika husema mumewe hakuwahi kuongea naye kwa sauti laini kama ile aliyoongea na bastola ya Kosijer.

Ile ilitoka nyumbani kwa baba yangu. Kaka zangu wawili hawakuacha watoto, na mimi ni mwanamke, sihesabiwi. Niliipeleka mwenyewe, na sikuificha chini ya mayai. Siku yetu ni Mtakatifu Luka.

Aliwahi kuja Mjerumani mmoja na gari refu, alikuwa amesikia habari zake huko pwani. Blagota alimkaribisha kahawa na raki, pombe kali ya zabibu, na nyama ya kondoo ya moshi, akamruhusu afyatue ya babu yake mara tatu, Mjerumani akafurahi mpaka machozi. Kisha akaanza kutaja bei, na kila akiambiwa hapana alipandisha, mwishowe akasema ataacha na gari. Blagota akamjibu kwamba gari analo tayari, nalo haliwaki. Jaglika alicheka mpaka akalazimika kwenda nje. Lakini siku mbili zilizofuata hakuzungumza na mumewe, maana paa la stoo lilikuwa linavuja na fedha hizo zingeliziba.

Kazi yake Jaglika ilikuwa sufuria. Baruti ya zamani inakula chuma, lazima baada ya kufyatua uioshe bastola kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile. Mara sita kwa mwaka sufuria lake la kuchemshia mboga liligeuka jeusi, na mara sita kwa mwaka alisema hii ni ya mwisho. Hivyo ndivyo walivyozeeka. Mikono ya Blagota ilianza kutetemeka alipofika sabini na sita, akawa anaegemeza kiwiko kwenye ukuta wa baraza. Mlango wa jiko uliendelea kulia. Sisi wengine huku chini, saa sita ikikaribia siku hizo, tulitoka nje na vikombe vyetu bila kuambiana.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, serikali ikatangaza. Kila silaha iliyoko nyumbani iandikishwe au irudishwe ndani ya miezi miwili. Mimi sitasema sheria ile ni mbaya. Kuna vijana wanakwenda harusini na bunduki za kivita, wakilewa hawajui wanamlenga bwana harusi au paa. Lakini sheria hutungwa kwa ajili ya mtu mmoja, na anayekutwa njiani huwa mwingine.

Jaglika alisema zirudi tangini, walikotoa ya babu. Alikuwa tayari amekoroga chokaa. Blagota akamwuliza atazificha vipi na milima yote mitatu inazisikia mara sita kwa mwaka, na hata padri hupanga misa yake asigongane nazo. Tena akasema babu yake aliificha yake ili askari wa watu wengine wasiione. Hawa ni wetu. Akazisugua zote siku nzima, akaziviringisha moja moja katika nepi za zamani za Zorka, akazipanga kwenye sanduku la safari, akapanda basi la asubuhi. Mfukoni mwa koti aliweka risasi tano za Kosijer. Jaglika alipomwuliza za nini, alisema ni vibaya kwenda kwa watu mikono mitupu.

Yaliyotokea kituoni nimeyapata kwa Blagota mwenyewe na kwa Mirash wa kijiji cha pili, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, na safari hii maneno yao yanafanana.

Walikuwa wanaume kama ishirini, kila mmoja na kitu chake ndani ya gunia. Utani haukukoma. Mirash alikuwa na bastola ya babu yake kama hizo za Blagota, ila imeshika kutu mpaka kipipa hakizunguki, akawa anawaambia wenzake wakifika nyumbani watakuta wake zao wamewaandalia aproni zao, zimepigwa pasi. Mmoja akasema ya kwake iwe na mfuko wa kuwekea sigara. Blagota hakucheka. Alisimama na sanduku katikati ya miguu.

Mezani alikuwa askari mwanamke, Andrijana jina lake, mjukuu wa mtu aliyefanya kazi na Blagota kiwandani. Alimsalimia vizuri, akamletea kiti. Alipofungua nepi ya kwanza akaigeuza kwenye mwanga, maana hakuwahi kuona chuma cha umri huo kinang'aa hivyo. Halafu akachukua fomu. Sheria ilikuwa na mlango mdogo, na Andrijana aliujua: silaha ya kale isiyopiga huandikwa pambo, mwenyewe anaweka sahihi, anarudi nayo nyumbani, yamekwisha. Wote waliotangulia walipita hapo. Kwa hiyo akauliza kwa sauti ya kusikika, huku kalamu tayari iko mahali pa kuandikia:

"Hii haipigi, sivyo mzee?"

Blagota alielewa. Hilo nataka lieleweke, maana kuna watu hapa kijijini wanasema uzee umemwingia kichwani. Alielewa palepale, ameniapia. Aliona kalamu iko wapi. Lakini bastola iliyokuwa mezani ilikuwa ya Kosijer, mfupa wake wa njano ukimtazama, na nyuma yake wamesimama wanaume ishirini wa milima hii ambao baba zao waliwajua akina Kosijer. Aseme mbele yao kwamba bastola ya nyumba hiyo haipigi? Ulimi haukwenda.

"Inapiga," akasema.

"Mzee, labda hukunisikia. Nimeuliza kama ni kweli haipigi."

"Nimekusikia, mwanangu. Inapiga. Zote sita zinapiga."

Mirash anasema utani uliisha kama maji yaliyofungwa. Andrijana akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba risasi za bastola hizi ziliacha kutengenezwa kabla babu yake yeye Andrijana hajazaliwa, kwa hiyo hata kama chuma ni kizima, mtu anaweza kusema bila dhambi yoyote kwamba haipigi. Alikuwa anamfungulia mlango mara ya tatu, maskini. Na Blagota, badala ya kunyamaza, akaingiza mkono mfukoni na kuzipanga zile risasi tano juu ya meza, zimesimama wima, zinang'aa.

"Hizi natengeneza mwenyewe," akasema. "Pima."

Nyuma, mtu mmoja akasema taratibu, "Ewe Blagota." Basi. Hakuna aliyeongeza.

Andrijana aliandika. Angefanyaje, mbele ya watu ishirini na risasi mezani? Aliandika kwamba silaha sita zinafanya kazi, hazina kibali, na risasi zimetengenezwa nyumbani, kosa ambalo alilipunguza kwa maneno aliyoyajua yeye. Blagota akaweka sahihi yake pana. Alirudi kwenye basi na sanduku na karatasi, na Mirash akamkalia jirani, akamwambia kwamba yeye, Mirash, ameandika pambo, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kumwonea mtu wivu na huruma kwa pamoja. Blagota alipofika nyumbani alikula supu sahani mbili. Jaglika anasema usiku ule alilala kama kijana.

Karatasi ile ilisema siku thelathini. Ndani ya siku hizo achague moja: azipeleke zikayeyushwe, au azipeleke katika karakana yenye ruhusa zikazibwe, mtutu uchomelewe fimbo ya chuma ndani, kinyundo kinachogonga risasi kikatwe ncha, kisha arudishiwe na cheti. Alikuwa hajaisoma vizuri. Zorka ndiye aliyekuja kumsomea Jumapili, kwa sauti, na alipofika kwenye fimbo ya chuma Blagota alimwomba arudie.

Kuanzia hapo sikuwahi kumwona mtu akizunguka hivyo. Alikwenda kwa wakili, wakili akasoma, akamwuliza ni nani aliyesema zinapiga. Alipojibiwa, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Zorka aliandika barua kwenye jumba la makumbusho. Wakajibu kwa heshima kubwa kwamba wangepokea moja, ile nzuri zaidi, nayo pia ingezibwa kwanza. Blagota akauliza achague nyumba gani, na hizo nyingine aziambie nini. Alikwenda kwa padri. Padri alimwombea. Kila alikokwenda watu walimtolea kiti na kahawa, walizungumza naye vizuri, na alitoka kama alivyoingia.

Siku ya ishirini na tatu alifanya jambo ambalo Jaglika alikuja kuniambia akiwa amejifunika uso kwa leso. Alipanda basi peke yake, bila sanduku, akaenda kituoni, akasubiri mpaka chumba kikawa kitupu. Akavua kofia. Akamwambia Andrijana kwamba siku ile alidanganya. Kwamba bastola zile ni vyuma vibovu, hazijapiga tangu enzi za babu, yeye ni mzee mwenye majivuno aliyetaka kusifiwa na watu wa foleni, na zile risasi alizikereza kwa mchezo tu. Anaomba afutiwe yale maneno.

Mtu ambaye hakuwahi kumwambia Jaglika samahani hata kwa ajili ya sufuria.

Andrijana alinyanyuka akafunga mlango. Akarudi, hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye kile cha wageni, pembeni yake.

"Imeshakwenda juu, mzee," akamwambia. "Na sahihi yako, na majina ya mashahidi, na risasi ziko kwenye mfuko wenye lakiri. Nikibadilisha ninafungwa mimi."

"Sitaki ufungwe, mwanangu."

"Najua."

"Basi hakuna."

"Kwa nini hukusema siku ile? Nilikuuliza mara tatu."

Blagota alimwomba maji. Andrijana akaishika glasi kwa chini, akamnywesha.

Akachagua kuziba. Kuyeyusha ni kuyeyusha. Karakana iko mji mkuu, Zorka akampeleka kwa gari. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, akamwambia chuma hiki ni kizuri kuliko chochote kilichowahi kupita pale na kwamba anaomba radhi. Blagota aliomba amshikie fundi bastola wakati wa kuchomelea. Fundi akasema sheria ya karakana hairuhusu, kwa sababu ya macho. Basi akakaa nje kwenye kreti la bia, mgongo ukutani, Zorka kando yake. Kutoka ndani ulikuja mlio ule wa moto wa kuchomelea, mrefu, kisha ukakatika. Zorka anasema baba yake alikuwa akizitaja nyumba kimoyomoyo, midomo ikicheza tu, na alijua ni nyumba ipi imo ndani kwa jinsi alivyokuwa akimkamata mkono. Mlio wa tano alimkamata mpaka alama ikabaki. Walirudi na sanduku na vyeti sita vyenye mihuri. Uzito, anasema, ulikuwa umeongezeka kidogo. Ile fimbo.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tano Oktoba. Mtakatifu Luka ni tarehe thelathini na moja.

Siku hiyo niliamka mapema nikaoka mkate wa mtakatifu kama kawaida, nikawasha mshumaa, nikawataja baba na kaka zangu. Nilijiambia sitatoka nje. Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa nje, kwenye ukuta wangu, na kahawa. Nikatazama chini: wote wametoka. Kila nyumba, mtu mlangoni na kikombe. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nimewalaani moyoni kwa kutoka na ningewalaani zaidi wasingetoka.

Juu kule barazani Blagota alitokea na shati jeupe. Jaglika amenieleza: asubuhi nzima aliipasha ile bastola kwapani, akaipaka mafuta ya kondoo. Alipomwuliza unafanya nini we mzee, alisema inakwama, hujui kwamba inakwama? Akaegemeza kiwiko ukutani. Akalenga kichaka cha mreteni. Kutoka kwangu nilimwona vizuri, hewa ilikuwa safi, hata upepo haukuwapo. Kengele ya kanisa la mjini ilisikika ikipiga saa sita, kwa mbali sana. Yeye akaendelea kulenga. Hakufyatua, na angefyatua kingesikika nini, kinyundo chenyewe kilishakatwa. Alilenga mpaka mkono ukaanza kushuka wenyewe, akaunyanyua kwa mkono wa pili, ukashuka tena. Kahawa yangu ilipoa. Kisha akageuka akaingia ndani, na sisi tukaingia ndani, mmoja mmoja, tukifunga milango polepole kama katika nyumba yenye mgonjwa.

Jaglika alikuwa amechemsha maji katika lile sufuria, kwa mazoea. Yalikaa jikoni mpaka yakapoa. Akayamwaga masafi.

Ilipita wiki nzima Blagota hajashuka kwangu. Alipokuja alisimama kwenye lango kama mtu wa kudaiwa, na nilimwacha asimame kidogo, nisiwe mwongo. Halafu nikampa kiti na kahawa. Tulikaa. Aliangalia mikono yake.

"Shemeji," akasema, "ningesema haipigi, leo ingekuwa inapiga."

"Ungesema haipigi," nikamjibu, "usingekunywa kahawa kwangu tena."

"Sasa nifanye nini?"

Nilitafuta la kumwambia. Mimi watu wananijua, sijawahi kukosa neno, hata padri ananiogopa. Sikulipata. Nilimwongezea sukari ambayo huwa haweki, akainywa hivyo hivyo.

Mpaka leo yuko hai, ana miaka themanini, mashine ndogo ya kukereza aliyoiweka stooni tangu kiwanda kifungwe ameifunika blanketi. Mkebe wa baruti alikwenda kuumwaga korongoni mwenyewe. Bastola zote sita zimo kwenye sanduku chini ya kitanda, na vyeti vyake. Siku za watakatifu zikifika hutoka barazani na shati jeupe, hukaa, saa sita ikipita huingia. Hatuzungumzii. Zorka anadhani nikiandika itamsaidia. Haitamsaidia, na nimemwambia. Jambo hili halina dawa, si kwake, si kwa Andrijana, si kwangu, na hakuna wa kumlaumu ambaye sijamlaumu tayari.

Lakini wewe uliyesoma hadi hapa umekula chakula changu, usiondoke bila kuosha sahani. Tarehe thelathini na moja Oktoba, saa sita mchana, popote ulipo, kazini au sokoni au shambani, simama kwa miguu yako na utaje kwa sauti: Kosijer. Si kwa kunong'ona. Wakikuuliza ni nini, wajibu kwamba ni nyumba. Na tarehe kumi na tisa Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, utaje Lipovac. Hizo nyingine ukizitaka, njoo Kremeni Do uniulize, nitakuandikia, nawe uje na kalamu yako.

Stane Kosijer, aliyeolewa Vukić